Bega linauma: mazoezi ya nyumbani, fizio au mkandaji?

Mombasa, mwenye maumivu ya bega hakosi washauri. Jirani atamtajia mkandaji aliyemtibu mama yake. Aliyewahi kutibiwa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, atamwambia aende kwa fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia. Kijana anayekwenda jimu atamwambia ajikaze na mazoezi tu, bega litajirudi. Na kila mmoja anasema kweli, kwa sababu alichokitaja kilimfaa yeye au mtu wake. Ndiyo maana kuchagua kunakuwa kugumu.

Nimeziweka njia hizo tatu pamoja na kuzipima kwa mambo matano: nafuu ya siku za karibu, hali baada ya miezi kadhaa, gharama na safari, kile unachodaiwa wewe mwenyewe, na hatari. Lakini kabla ya kipimo chochote kuna swali moja ambalo watu hulipita haraka mno, nalo ndilo linaloamua mengi: bega lako limepatwa na nini?

Jua bega lako kwanza

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na kikombe kinachokipokea kwenye kombe la bega ni kidogo, tena hakina kina. Kwa hiyo bega lina uhuru wa kuzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na uhuru huo una gharama yake. Kinachokishikilia kichwa hicho mahali pake ni misuli minne midogo ambayo kano zake zimekizunguka, pamoja na mfuko mwembamba unaofunika kiungo chote. Maumivu mengi ya bega kwa watu wazima hutoka kwenye kano hizo au kwenye mfuko huo, na tiba zake hazilingani.

Unaweza kujipima nyumbani. Kaa kitini, viwiko vimegusa mbavu na vimekunjwa, viganja vinatazamana. Sasa peleka viganja nje, kulia na kushoto, bila viwiko kuachana na mbavu. Mkono unaouma ukienda mbali sawa na mwenzake, lakini uchungu ukaja unapoanua nguo kwenye kamba, unapoinua mkono pembeni au unapolalia upande ule, yaelekea ni kano. Mkono ukikwama njiani, na hata mtu mwingine akiusukuma taratibu haupiti pale, basi yaelekea mfuko umejikaza, ukawa kama kitambaa kilichorowa maji ya bahari kikaachwa kukauka. Hilo ndilo bega lililoganda. Jina hilo alilitumia Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, mwaka 1934, na alikiri kwamba ni ugonjwa mgumu kuuelezea.

Bega lililoganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na mwenye kisukari yumo hatarini zaidi ya wengine. Huanza kwa uchungu unaozidi usiku, kisha bega hukakamaa, kisha hufunguka polepole; safari nzima huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hulitambua kwenye mambo madogo: mwanamke anashindwa kufunga sidiria kwa nyuma, au mtu anasimama kuswali na kwenye takbiri mkono mmoja haufiki unapofika mwingine. Kwa wazee, usagikaji wa kiungo chenyewe huweza kutoa dalili zilezile, na hapo eksirei ndiyo inayotenganisha.

Yapo pia mabega ambayo hayahusiki na ulinganisho huu hata kidogo. Ukianguka na mkono ukawa hauinuki, au bega likabadilika umbo. Ukiwa na homa na kiungo kimevimba, kina moto. Ukihisi ganzi na udhaifu unaoshuka hadi vidoleni. Ukikonda bila sababu, au uliwahi kuwa na saratani: nenda hospitali kabla ya mtu yeyote kukugusa. Bega likiuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukatika, nenda saa hiyohiyo, kwa kuwa huo huenda ni moyo.

Nafuu ya wiki hii

Hapa mikono inayatangulia mazoezi, na si haki kuficha hilo.

Mkandaji hupasha mafuta ya nazi au ya ufuta, akaanza shingoni, akateremka juu ya kombe la bega hadi kwenye mkono, bila haraka. Anapata muda na wewe ambao daktari hana. Mgonjwa ambaye hajalala vizuri kwa wiki nzima hulala usiku ule. Joto na mguso hutuliza misuli iliyokuwa imejikunja kulilinda bega, na mishipa ya fahamu hupunguza makali ya maumivu. Pengine utaambiwa kwamba mshipa ulikuwa umepanda na sasa umeshushwa. Mimi sidhani kuna kitu kilichohama kikarudishwa, lakini nafuu yenyewe ni ya kweli.

Fizio naye hutumia mikono, ila kwa shabaha nyembamba zaidi. Huminya misuli, kisha hushika kichwa cha mfupa na kukisogeza ndani ya kikombe chake kwa misukumo midogo, upande ule ambao kiungo kimekataa. Kwa bega lililoganda, mtu huweza kuinuka kitandani mkono ukifika mbali kidogo kuliko alipoingia. Shida ni kwamba nafuu hiyo, kama ile ya mkandaji, aghalabu hudumu saa chache au siku chache isipofuatwa na kitu kingine.

Mazoezi ndiyo dhaifu kwenye kipimo hiki. Wiki mbili za mwanzo huweza kupita usione badiliko, au uone bega limechoka zaidi. Isipokuwa mawili: kuuning'iniza mkono na kuubembeza, na kusukuma ukuta bila mkono kwenda popote. Hayo watu wengi huyaona yakipunguza uchungu palepale.

Miezi kadhaa baadaye

Mizani hubadilika hapa. Tafiti zilizolinganisha mazoezi peke yake na mazoezi yaliyoongezewa mikono zimeonyesha kwa kawaida kwamba mikono huleta faida ya wiki za mwanzo, kisha makundi mawili hukaribiana. Kano iliyochakaa hupata uwezo wake kwa kubebeshwa mzigo kidogokidogo, na hakuna mtu mwingine anayeweza kuibebea. Kwa ukandaji peke yake, bila mazoezi, ushahidi wa faida ya muda mrefu ni mchache.

Lakini usidhani mazoezi mengi yenye usimamizi mwingi ndiyo bora. Mwaka 2021 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuata watu 708 wenye maumivu ya kano za bega. Baadhi walihudhuria kwa fizio hadi mara sita wakiongezewa mazoezi hatua kwa hatua. Wengine walikutana naye mara moja tu, wakaelezwa vizuri shida yao, wakapewa mazoezi mepesi na kijitabu, wakaenda zao. Baada ya mwaka, hali za makundi hayo hazikutofautiana kwa maana yoyote. Mimi huu utafiti naupenda sana kwa ajili yetu, kwani unampa matumaini mtu wa Likoni au Mtwapa asiyeweza kwenda mjini kila wiki. Kikao kimoja kizuri, kikifuatwa kwa uaminifu, si kidogo.

Bega lililoganda lina hesabu nyingine. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Uingereza, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha upasuaji wa kukata mfuko uliokaza, kulilegeza bega kwa nguvu mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, na fiziotherapia ya mapema pamoja na sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka hakuna iliyoishinda nyingine kwa kiasi cha kumbadilishia mgonjwa maisha. Tazama kwamba hiyo fiziotherapia ilikuwa ni mazoezi, mikono na sindano kwa pamoja. Sindano hiyo, ikichomwa mapema wakati uchungu umepamba moto, husaidia wengi kulala na kuanza kuusogeza mkono. Mwenye kisukari aambiwe kabla kwamba sukari yake huenda ikapanda kwa siku kadhaa.

Gharama na safari

Mazoezi hayana gharama baada ya kufundishwa. Vifaa vimo ndani: mti wa ufagio, leso, chupa ya maji, na kipande cha tyubu ya baiskeli kutoka kwa fundi wa barabarani.

Mkandaji ana faida ambayo watu wa mjini hawaizungumzii sana: huja nyumbani. Kwa mzee asiyeweza kupanda matatu, au mwenye mtoto mchanga, hilo ni jambo kubwa. Bei hupatanwa, na mara nyingi ni ndogo kwa mara moja. Lakini ukandaji usio na mwisho uliopangwa, kila wiki mwaka mzima, hupita gharama ya fizio bila mtu kuona.

Fizio ana ada ya kila kikao, na juu yake nauli, foleni na nusu siku ya kazi. Anayetoka ng'ambo ya Likoni anavuka kivuko bure kwa miguu, lakini muda wake si wa bure. Hospitali za serikali ni nafuu kuliko kliniki binafsi, lakini miadi huweza kuachana mbali. Ulizia kabla ya kuanza kama bima yako, iwe SHA ya serikali au ya kazini, inalipia vikao hivyo na vingapi.

Unachodaiwa wewe

Kwa mkandaji unadaiwa kulala na kutulia. Kwa fizio unadaiwa kuhudhuria, na akiwa fizio mzuri, kufanya kazi aliyokupa mpaka mtakapokutana tena. Mazoezi yanadai karibu kila kitu, na ndiyo sababu watu wengi huyaacha. Nitayaeleza kwa kirefu, maana ukiyasoma utajua mwenyewe kama unayaweza.

Kama bega limeganda, kazi ni kulifungua, kila siku, mara mbili au tatu, dakika chache. Inama huku mkono mzima, yaani usiouma, umeshika meza, ule mwingine uning'inie, kisha yumbisha mwili ili mkono uzunguke wenyewe. Simama ukitazama ukuta, upandishe vidole polepole mpaka panapovuta. Lala chali ushike mti wa ufagio kwa mikono yote miwili, kiwiko cha upande mgonjwa kimegusa ubavu, na mkono mzima uusukume ule mgonjwa kwenda nje. Mwisho, leso: ipitishe mgongoni, mkono mzima juu ya bega na mgonjwa chini kiunoni, kisha vuta kwa juu kama unayejisugua mgongo. Kwenye kipindi cha mwanzo, uchungu ukiwa mkali, usilazimishe. Kulivuta sana bega lililo katika hatua hiyo hulichokoza.

Kama ni kano, kazi ni kuipa nguvu, nayo yataka siku za kupumzika katikati. Anza kwa kusimama kando ya ukuta, kiwiko ubavuni, usukume ukuta kwa nyuma ya kiganja kwa nusu dakika, mara tano. Hilo likiwa jepesi, funga tyubu kwenye komeo la mlango na uivute kwenda nje bila kiwiko kuacha ubavu. Kisha inua chupa ya nusu lita mbele na pembeni, na sukuma ukuta kwa mikono miwili kama anayepiga pushapu akiwa amesimama. Seti tatu za mara 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, na uzito uongezeke pale mara ya kumi na mbili inapokuwa rahisi. Jipe wiki 6 hadi 12 kabla ya kuhukumu.

Uchungu kidogo wakati wa zoezi si dalili ya kuharibika. Ukiupima kwa kumi, mpaka tatu au nne unavumilika, mradi asubuhi ya pili bega liwe limerudi lilivyokuwa. Likiwa bado linawaka, umezidisha. Punguza mzigo, usiache.

Linalosahaulika ni kazi ya siku nzima. Makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu kwa mkono uleule, dereva wa tuktuk, hamali wa soko la Kongowea anayesukuma mkokoteni, mama anayekanda unga wa mahamri kabla ya alfajiri kisha akakaa juu ya mbuzi akikuna nazi: mikono yao inafanya maelfu ya mienendo kwa siku. Zoezi la dakika kumi haliwezi kushindana na hayo kama hakuna kilichobadilika. Badilisha mkono wa kushikia, gawa mzigo mara mbili, pandisha meza ya kukandia unga ili bega lisijikunje. Fizio wa maana atakuuliza unafanya kazi gani kabla hajakugusa.

Hatari

Mazoezi yana hatari ndogo, kubwa ikiwa ni kuanza kwa pupa au kuendelea nayo huku ugonjwa wenyewe haujulikani.

Fizio aliyesomea ana hatari ndogo pia. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 iliyounda Baraza la Fiziotherapia, na mwenye kutoa huduma hii anatakiwa awe na leseni. Kuomba kuiona si utovu wa adabu. Fizio wa kumwogopa ni yule wa mashine na taa za joto tu, anayekulaza kila kikao bila kukufundisha hata zoezi moja.

Kwa mkandaji, hatari hutegemea mtu. Wapo wenye mikono ya kurithi na busara ya kusema "hili silo langu, mpelekeni hospitali". Hao wana thamani kubwa. Wapo pia wanaovuta bega lililoteguka au lenye ufa wa mfupa, na hapo mishipa ya damu na ya fahamu huweza kujeruhiwa. Mafuta au maji ya moto sana ni hatari hasa kwa mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia, kwani huungua bila kuhisi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikandwe kwa nguvu. Na kama mkandaji anaongeza hijama, yaani kuumika damu, wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako.

Kwa hali yako

Uchungu umeanza wiki hizi, mkono unazunguka vizuri, na una kazi ya kubeba au kuinua: anza mazoezi ya kano na kupunguza mzigo. Ukiweza, mwone fizio mara moja akuhakikishie ni kano na akurekebishe namna ya kufanya. Mkandaji wa usiku mmojammoja kwa ajili ya usingizi si vibaya, mradi mazoezi yasisimame.

Mkono umekwama, umri umepita miaka 40, hasa kama una kisukari: nenda kwa daktari kwanza, upimwe na sukari kama hujawahi kupimwa, uulize kuhusu sindano. Kisha fizio wa kufungua kiungo, pamoja na mazoezi ya kila siku ya nyumbani. Ukandaji mwepesi unaweza kuandamana na hayo; kuvutwa kwa nguvu hapana.

Wewe ni mtu usiyeweza kufuata mazoezi peke yako, umejaribu kabla ukaacha: lipia vikao vya fizio vinavyoachana mbali, hata kimoja kwa wiki mbili. Hapo unanunua kuulizwa umefanya nini tangu mlipoachana, na kwa wengi hilo ndilo linalowaponya. Kama hela hazitoshi, mpe kazi ya kukuuliza mtu wa nyumbani.

Mgonjwa ni mzee asiyetoka nyumbani: mkandaji mwema na binti au mjukuu wa kumsimamia kwenye zoezi la kubembeza mkono na la ukuta ni mpango mzuri, baada ya daktari kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika. Mzee aliyeanguka hata kidogo huweza kuvunjika bega bila kelele nyingi.

Umekandwa kwa miezi, unapata nafuu ya siku mbili kisha inarudi: usimlaumu mkandaji, mwili wako unakuambia nafuu unaipata lakini nguvu huna. Ongeza mazoezi ya kano kwa wiki 12 kabla ya kubadilisha mkandaji.

Umefanya mazoezi sawasawa kwa miezi mitatu na hakuna kilichosogea: rudi hospitali upigwe picha ya mawimbi ya sauti au eksirei, na shingo yako ichunguzwe pia, kwa sababu baadhi ya maumivu yanayoitwa ya bega huanzia shingoni. Na picha ikionyesha kano imechanika, uliza kwanza kama huo mchaniko ndio unaouma. Baada ya miaka 60 watu wengi wana kano zilizochanika bila maumivu yoyote, na kuchanika peke yake si sababu ya kupasuliwa.